Mkunga na Mama Mkwe

Mutuku hakuwa mtu wa kwenda sinema. Alikuwa mtu wa kungojea sinema, na hayo ni mambo mawili tofauti. Kwenda sinema ni kazi ya saa mbili na ushee, tena huku umekaa. Kungojea ndiko kulikotaka kipaji, na Mutuku alikuwa nacho.

Alifanya kazi katika ofisi ya bima mjini Louisville, akisoma kutwa nzima madai ya watu waliogonga kulungu barabarani. Jioni akirudi kwenye nyumba yake ya kupanga kule Newburg, alivua viatu, akapasha githeri, kisha akafungua simu kutazama trela. Aliitazama kama wengine wanavyosoma Zaburi: polepole, kwa kurudia, akitafuta neno lililofichwa kwa ajili yake peke yake. Tiketi zikianza kuuzwa, alikuwa wa kwanza kuchagua kiti. Siku yenyewe alishinda na njaa tangu asubuhi, ili bisi zimkute akiwa na adabu.

Mchumba wake, Isaro, aliishi Buffalo na mama yake, na yeye aliingia sinema kama mtu anavyoingia dukani kukwepa mvua. Akitoka shifti kwenye kiwanda cha Tonawanda, akaona mlango wa ukumbi uko wazi, anaingia. Filamu gani? Iliyopo. Imeanza? Haidhuru. Siku moja aliona nusu ya mwisho ya filamu moja, akavukia ukumbi wa pili akaona nusu ya kwanza ya nyingine, kisha akampigia Mutuku simu kumsimulia zote mbili kama filamu moja, na alikuwa ameifurahia sana.

“Lakini Isaro, yule askari wa mwanzo na yule mtawa wa mwisho si mtu mmoja!”

“Kwani wewe ulikuwepo?”

Hivyo ndivyo walivyopendana. Walikuwa wamekutana Louisville kwenye harusi ya Wanyamulenge, watu wa kwao Isaro huko Kongo, ambayo Mutuku alialikwa na jirani. Isaro alimjia, akamwambia wacheze. Mutuku akamwomba angoje wimbo mzuri zaidi. Isaro akamshika mkono, akamvuta katikati ya ukumbi kwa wimbo uliokuwapo, ambao ulikuwa mbaya, wala hakumwachia mpaka chakula kilipoletwa.

Sasa, filamu iliyoleta balaa ilikuwa na jina refu la Kiingereza, la kujivuna. Mutuku aliyekulia Changamwe, Mombasa, aliifupisha akaiita Mkunga, maana ndivyo wavuvi wa kule wanavyomwita yule samaki mrefu mwenye sura ya nyoka na tabia ya mkopeshaji. Sehemu ya kwanza ilihusu mkunga mmoja mkubwa kama treni anayeishi chini ya Ziwa Erie na kula watu wasio na leseni ya kuvua. Iliishia mkia wake ukitokomea kwenye maji meusi, taa zikawashwa, Mutuku akabaki kitini akiwa na maswali. Alibaki na maswali hayo miaka mitatu. Sehemu ya pili ilipotangazwa, alimpigia simu Isaro kabla hata ya kumpigia mama yake Kenya kumtakia heri ya Krismasi.

Kisha Rudasingwa, mjomba wake Isaro, akapanga siku ya posa.

Rudasingwa alikuwa dereva wa malori, anaishi Columbus, na kwa kuwa baba yake Isaro alikwisha fariki, yeye ndiye aliyekuwa na neno. Columbus iko katikati, alisema. Watu wa Buffalo washuke, watu wa Louisville wapande, mtu asijione amejishusha kwa mwenzake. Akataja Jumamosi. Mutuku alitazama kalenda, damu ikamwishia usoni. Ilikuwa Jumamosi ya Mkunga.

“Haiwezekani ikasogezwa wiki moja?” alimuuliza Isaro kwenye simu.

“Kwa sababu gani?”

Mutuku akafunua mwezi unaofuata kwenye kalenda.

“Mutuku. Unataka nimwambie mjomba tuahirishe posa kwa sababu ya samaki?”

“Sijasema hivyo.”

“Bon. Kwa sababu ukisema, mimi nitaolewa na huyo samaki. Yeye angalau anakuja bila kuitwa.”

Basi Mutuku akafanya kile ambacho mtu wa mipango hufanya anapobanwa: akapanga zaidi. Posa ilikuwa alasiri. Ukumbi mmoja wa Columbus ulikuwa unaonyesha Mkunga asubuhi ya siku hiyo hiyo. Akakata tiketi mbili, viti vya katikati kabisa, vile vinavyolala kwa kubonyeza kitufe. Yeye na Isaro wangeona filamu, wangekula kidogo, halafu wangeenda kuposwa na kuposa wakiwa na roho nyeupe. Isaro alicheka, akakubali. Tatizo ni kwamba alikubali simu ikiwa kwenye spika, jikoni, na mama yake alikuwa anakatakata sombe, majani ya muhogo.

Asubuhi ya Jumamosi, Mutuku alifika nyumbani kwa Rudasingwa kumchukua Isaro. Alikuwa amesafiri kutoka Louisville siku iliyotangulia pamoja na Nyamweya, rafiki yake wa tangu chuoni, ambaye ndiye angekuwa mshenga. Nyamweya alibaki hotelini akifanyia hotuba yake mazoezi. Mlango ukafunguliwa. Hakuwa Isaro. Alikuwa Mama Nyiramahirwe mwenyewe, mama mkwe mtarajiwa, amevaa kitenge kipya, shuka jeupe begani, mkoba mkononi, na uso wa mtu anayeanza safari.

Wakamba, watu wa Mutuku, wana neno, nthoni, la ile haya inayomshika mwanamume mbele ya mama wa mke wake. Si haya ya kawaida. Kwao zamani mkwe akimwona mama mkwe njiani angeruka ua. Mutuku alikuwa na shahada mbili na pasipoti ya Amerika, lakini macho yake yalitafuta ua vilevile. Akainamisha macho, akausalimia mkoba.

“Twende,” alisema Mama. “Ile filme ya mukunga, nasikia inaanza asubui.”

Mutuku alimtafuta Isaro. Isaro alikuwa nyuma ya mama yake, amejifunika mdomo kwa kiganja.

“Mama anakuja na sisi,” alisema. “Alisikia ni filamu ya mkunga.”

“Mimi nilizalishaka bamama kule Minembwe miaka mingi,” Mama aliendelea, akitelemka ngazi. “Kwa mwangaza ya kibatari, mvua inapiga. Hata mutoto mmoja sikumupoteza. Donc, nataka nione namna bakunga ba hapa Amerika banafanyaka. Tangu tulifika nchi hii, sijaona filme moja ya kazi yangu.”

Kule milima ya Kivu, mkunga ni mama anayezalisha, basi. Hakuna samaki wa jina hilo mlimani. Mutuku alifungua kinywa aeleze, lakini ungeelezaje, mbele ya mama mkwe, kwamba mkunga wako anakula watu? Akakifunga. Akamtazama Isaro kwa macho ya kuomba msaada. Isaro akamwambia kwa Kiingereza, taratibu kabisa, kwamba hii itakuwa nzuri kuliko filamu yenyewe.

Ukumbini kukatokea shida ya viti. Viwili vya Mutuku vilikuwepo, lakini cha tatu kilichobaki kilikuwa safu ya mbele kabisa, chini ya skrini, mahali ambapo mtu hutazama filamu kama anavyomtazama daktari wa meno.

“Nitakaa mimi kule, Mama,” alisema Mutuku upesi. “Nyinyi kaeni pamoja hapa.”

“Hapana. Isaro atakaa kule. Wewe utakaa na mimi, utanifasiria Kingereza. Isaro anafasiriaka bovu, anaruka maneno.”

Isaro alikwisha ondoka na bisi zote.

Hivyo ndivyo Mutuku alivyojikuta katika kiti alichokichagua kwa mapenzi wiki nyingi kabla, amekaa ubavu kwa ubavu na mtu ambaye mila za kwao zilimtaka amwogope kuliko simba. Akajikunja upande wa kushoto mpaka karibu aingie kwenye mapaja ya Mmarekani mmoja mnene. Mama Nyiramahirwe aliona kitufe. Akakibonyeza. Kiti kikaguna, kikaanza kumlaza chali, miguu ikapaa na viatu vyake vya kanisani.

“Wee! Wee! Kinanipindua!”

“Bonyeza tena, Mama!”

“Nimebonyeza! Inaendelea!”

Kwa kumheshimu, Mutuku hakuweza kuinama juu yake kutafuta kitufe. Kwa kumheshimu vilevile, hakuweza kumwacha vile. Akapitisha mkono huku amefumba macho kama mtu anayemtoa kuku utumbo, akapapasa, akakipata. Miguu ilishuka nusu, ikakwama. Mama akapima hali, akaona si mbaya.

“Acha hivi. Mugongo inapumzika.”

Taa zikazimwa, na ziwa likatokea. Ziwa Erie lote, jeusi, kimya, na ule muziki wa chini uliomaliza sehemu ya kwanza ukaanza tena palepale ulipokatikia. Miaka mitatu ilikuwa ndani ya muziki ule. Alisahau mama mkwe, alisahau posa. Machozi yalimlenga kabla hata samaki hajatoa pua.

“Mukunga ni wapi?” Mama alimnong'oneza kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya bonde.

“Anakuja, Mama.”

“Kuko mama mwenye uchungu ndani ya maji?”

“Si… Mama, sikiliza. Huyu mkunga ni samaki.”

Kwenye skrini, mkia mrefu kama treni ulipasua maji na kuchukua mashua mbili za kupiga pedali. Mama Nyiramahirwe aliweka mkono kifuani.

“Samaki?”

“Kwetu pwani mkunga ni jina la samaki, Mama. Nilitaka kukuambia.”

Alingoja aambiwe wasimame waondoke. Mama alitazama skrini, akamtazama yeye, akatazama skrini. Kisha akajisogeza vizuri kwenye kiti.

“Donc anabeba watu anabapeleka wapi?”

Kuanzia hapo Mutuku alifasiri. Alikuwa amesoma kila kilichoandikwa kuhusu filamu ile. Alijua, ukiacha mwisho, nani atakufa na kwa mpangilio gani, kwa kuwa watu wa mtandaoni hawana siri. Kwa hiyo kila kitu kilipotokea, kwake kilikuwa kimekwisha tokea. Lakini pembeni yake alikaa mtu aliyefikiria anakuja kuona chumba cha kujifungulia, na kila baada ya dakika alikuwa anashangaa upya. Alikisia, na kila mara alikosea, na kukosea hakukumpunguzia raha hata kidogo.

“Huyu polisi njo bwana yake,” alisema kwa uhakika. Hakuwa. “Huyu mwenye miwani hatakufa, ana watoto.” Akafa. “Yesu! Amekufa! Na ile miwani!” Alimshika Mutuku mkono juu ya kiwiko, akaung'ang'ania. Mutuku alikauka. Mama mkwe kumgusa mkwe! Mababu zake kule Ukambani lazima waligeuka upande wa pili makaburini. Lakini mkono ule ulikuwa unamvuta kwa raha, na yeye kwa mara ya kwanza asubuhi ile aliruka kwenye kiti pamoja na watu wote, kwa sababu, ingawa alijua samaki anakuja, hakujua kama Mama atapiga kelele.

Alipiga.

Likafika onyesho la mashua. Shujaa wa filamu, mwanamke wa kikosi cha uokoaji, na mwanasayansi mmoja wakabaki wawili, jua linazama, na ikawa wazi kwamba hawakuwa wanakwenda kupima maji. Mutuku alijua onyesho hili lilikuwepo. Alilisahau. Angelikumbuka, angesoma madai ya kulungu Jumamosi ile mpaka jioni.

“Banafanya nini?” aliuliza Mama.

“Wanaagana, Mama.”

“Kuagana ya kutoa shati?”

“Kuna joto, Mama.”

“Mbona na yeye anatoa?”

“Joto ni la wote, Mama.”

Mmarekani mnene alikohoa. Mama alitazama mpaka mwisho bila kupepesa, kisha akatoa maoni yake ya kitaalamu.

“Miezi tisa tu, njo utaona. Bon. Endelea kufasiria.”

Shida ya kweli ilikuja baadaye kidogo. Yule mwanamke wa uokoaji aliingia kwenye bomba la maji machafu, tochi mkononi, na wote ukumbini walimwona mkunga nyuma yake isipokuwa yeye. Mama Nyiramahirwe hakuwa mtu wa kukaa kimya mwenzake akiwa hatarini. Aliinuka juu ya kile kiti kilichokwama, shuka likamwanguka.

“Usiingie mule! Iko nyuma yako! Wewe dada! Kimbia! Mutuku, umuambie kwa Kingereza!”

Watu wengine walicheka, wengine wakasonya. Mwanamke wa makamo mwenye redio kiunoni, msimamizi wa ukumbi, alikuja na tochi, akawaomba watulie. Walitulia. Bomba likapasuka, Mama akapiga mayowe kwa hofu, na msimamizi akarudi. Safari hii hakuomba. Alimwambia Mutuku, kwa upole, kwamba huyu mama itabidi atoke nje. Wewe, akaongeza, unaweza kubaki.

Mutuku alitafsiri nusu ya kwanza. Mama aliokota shuka lake, akaanza kushuka ngazi gizani, akipapasa ukuta.

Hapo ndipo mkunga alipogeuka. Filamu mbili nzima zilikuwa zimeonyesha mkia, mgongo, kivuli. Kichwa hakikuwahi kuonekana. Sasa maji yalianza kufunguka polepole na kichwa kikawa kinakuja. Mutuku aliyaamrisha matako yake yainuke. Yakakataa. Alijua anachopaswa kufanya, alijua pia mtu mzima anajipapasia ukuta kule chini kwa ajili yake, na bado alikaa, shingo imenyooka, akisema moyoni kidogo tu, kidogo tu. Halafu akaona lile shuka jeupe limesimama mlangoni, limegeuka, linamtazama.

Aliinuka. Kichwa cha mkunga kilitokea nyuma ya mgongo wake. Alisikia ukumbi mzima ukivuta pumzi.

Walikaa kwenye benchi karibu na wauza bisi. Mama alikuwa anakunja shuka lake.

“Ulikawia,” alisema hatimaye.

“Nilikuwa natafuta simu, Mama.”

“Simu iko mukononi.”

Ilikuwa mkononi. Mutuku aliitazama kama kwamba imemsaliti. Akaona hakuna uongo mwingine wenye miguu.

“Nilitaka kuona kichwa chake, Mama. Nimekingojea miaka mitatu.”

Mama Nyiramahirwe alimtazama moja kwa moja, kitu ambacho hakuwahi kukifanya. Kisha mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya shuka, mpaka muuza bisi naye akacheka bila kujua sababu.

“Miaka tatu! Kichwa ya samaki! Na mimi nikakutoa!” Alimpiga paja, nthoni ikafia pale pale. “Bon. Sasa niambie inaisha namna gani.”

“Sijui, Mama. Mwisho wameuficha. Hata mtandaoni haupo.”

“Miaka tatu unangojea na haujue?”

“Nilikuwa najiwazia tu.”

“Njo hiyo nataka. Ile ulijiwazia.”

Mutuku alianza akiwa amekaa. Akasema mkunga atageuka, ataelekea mtoni, upande wa Buffalo. Mama akauliza kwa nini. Mutuku hakuwa amewahi kujiuliza kwa nini. Akafikiri, akaona jibu limekaa mbele yake na mkoba.

“Kwa sababu ana mimba, Mama.”

“Nilijua!” Mama alipiga makofi. “Tangu mwanzo! Mnyama hawezi kukasirika hivi bure!”

Basi akasimama. Akampeleka mkunga mpaka chini ya maporomoko ya Niagara, akamlaza kwenye miamba, akampa uchungu siku nzima. Akamleta yule mwanamke wa uokoaji na bunduki, akamfanya aone tumbo, aitupe bunduki. Mama aliingilia kati: mtoto amekaa vibaya, lazima ageuzwe. Mutuku akamgeuza. Mikono yake ilikuwa inapaa. Wauza bisi wawili walikuwa wameacha mashine ikilia. Hakuwa na trela ya jambo hili, hakuwa amesoma popote, na kila sentensi ilipomtoka ndipo alipoijua. Vitoto vya mkunga vilipotoka, vyembamba kama kamba za viatu, vikatawanyika majini, Mama Nyiramahirwe alisema amina kwa sauti.

Isaro alitoka ukumbini akila bisi za mwisho. Alikuwa safu ya mbele muda wote; hakugundua kwamba walifukuzwa.

“Mlikuwa wapi? Mmeona pale mwisho, wakati yule—”

“Nyamaza!” walisema wote wawili.

Alasiri ile posa ilikwenda vizuri. Nyamweya alitoa hotuba yake ndefu, Rudasingwa akajibu kwa ndefu zaidi, ng'ombe wakatajwa kwa heshima ingawa sebule ile haikuwa na mahali pa kumfungia hata mbuzi. Kisha likaja swali la tarehe, na nyumba ikagawanyika. Isaro alitaka mwezi ujao. Mutuku alitaka kiangazi cha mwaka unaofuata. Alikwisha ona ukumbi mmoja, na meza, na taa za kuning'iniza.

“Huyu ataoa akiwa na mvi,” alisema Isaro.

Rudasingwa akamgeukia dada yake. Kwa desturi Mama hakutarajiwa kuwa na neno kubwa hapo.

“Huyu kijana mumupe muda,” alisema Mama. “Bila kungojea hasikiaka utamu. Lakini musimupe mingi. Anakawiaka kusimama.”

Hakuna aliyeelewa, isipokuwa Mutuku, ambaye masikio yalimwaka moto. Wakakubaliana Oktoba.

Kabla ya kuagana, Isaro alimvuta nje penye magari. Baridi ilikuwa inauma. Hakuwa anacheka.

“Nikuulize kitu. Ukiningojea hivi, na ukumbi, na taa, siku nikifika si nitakuwa kama yule samaki? Utasema ulidhani nitakuwa mkubwa zaidi.”

Mutuku alitafuta jibu zuri, alilolitunza mahali kwa siku kama hii. Halikuwepo.

“Kungoja ndiyo namna yangu ya kukaa na kitu,” alisema. “Wewe uko Buffalo, mimi niko Newburg. Nikitoka kazini jioni, nakaa nawe hivyo.”

Isaro alimsogelea.

“Hilo hukuliandaa.”

“Hapana.”

“Limekuja limepinda kidogo,” alisema, “lakini limekuja.” Akampandisha zipu ya koti hadi kidevuni, akaingia ndani kumsaidia mama yake kufunga mizigo.

Jumatatu, Mutuku alikwenda peke yake kwenye ukumbi mmoja wa Louisville kuona mwisho. Kichwa cha mkunga kilikuwa cha kawaida tu, kama cha mkunga. Jeshi la majini likampiga kombora, akalipuka, yule mwanamke na mwanasayansi wakaendelea kuagana. Mutuku alitoka akiwa amekasirika kwa niaba ya vile vitoto. Alimpigia Isaro akamwambia kuwa mwisho ni wa ovyo. Isaro alishangaa, yeye alilia kwa furaha mkunga alipolipuka, alikuwa hajui kwamba atalipuka. Mama hakuulizwa, na hakuambiwa.

Mwishoni mwa Septemba Mutuku alikwenda Buffalo kwa mambo ya harusi. Alifika mtaa wa East Side alasiri ya Jumamosi, amechoka na barabara, anawaza chai. Mlangoni kulikuwa na viatu vingi vya kina mama. Sebuleni, kwenye makochi, kwenye viti vya jikoni, hata kwenye zulia, walikuwa wameketi wanawake wa kanisa, vitenge vimenyooshwa, mmoja na ufumaji wake, wote wakimtazama yeye. Kwenye kochi kubwa alikaa mke wa mchungaji.

“Njo huyu,” alisema Mama Nyiramahirwe kwa fahari. “Nimebaelezea yote. Niagara, na namna mutoto alikaa vibaya. Tangu wiki ya jana banakungojea ubaambie ile ingine. Ile sehemu ya tatu.”

Mutuku aliweka begi chini. Akamtafuta Isaro, Isaro alikuwa ameegemea mlango wa jikoni, kiganja mdomoni.

“Mama,” alisema Mutuku, “sehemu ya tatu haijatengenezwa.”

“Si tatizo.”

“Lakini mama mchungaji… sinema…”

“Sinema ni ya shetani,” alikubali mke wa mchungaji, akijiweka sawa kwenye kochi. “Lakini hii haiko sinema. Ni kijana anazungumza. Kaa chini, mwanangu. Bamupatie chai.”

Chai ikaja, na kiti kikaja, katikati kabisa ya chumba. Mutuku alikaa. Hakuwa na kitu kichwani, hata mkia. Mwenye ufumaji aliweka sindano chini.

“Mvua ilikuwa inanyesha,” akaanza, bila kujua inanyesha wapi.

“Hapa Buffalo?” aliuliza mke wa mchungaji.

Mutuku alimtazama, kisha akatazama dirisha.

“Hapa hapa, Mama. Mtaa wa nyuma.”

Kina mama wakasogeza viti.